Taa ya Njano na Daftari la Nyemo

Nkuhungu, Alhamisi jioni

Mwanangu Nyemo,

Nakuandikia nikiwa nimekaa ndani ya gari. Usicheke. Huko ndani mama yako ameshika uongozi wa begi lako, kila kiti kina nguo juu yake, na hapa angalau usukani unanipa mahali pa kuegemeza karatasi. Gari limezimwa, limesimama pale pale ukutani, na hata likiwa limezimwa linaniudhi.

Mambo ya soksi, dawa ya mbu, kufuli la begi na kutopokea chakula cha mtu usiyemjua, mama yako ameshakuambia mara nne, na ya tano utaisikia stendi. Huko chuoni Mbeya kuna baridi, hilo nalo umelisikia. Mimi ninataka kukuandikia habari ya gari hili. Najua unaweza kukunja barua hapa hapa ukasema, baba naye, hata siku ya kuniaga anazungumzia gari. Vumilia kidogo, ni habari ya gari mpaka mahali fulani tu.

Nianze na hasira kwa sababu ndiyo niliyo nayo. Nimelichoka gari hili. Tulilinunua mwaka niliostaafu ualimu kule Kongwa, viti saba na mlango wa kusukuma pembeni, kwa nia ya kubebea zabibu wakati wa mavuno na ndugu wakati wa misiba. Likatutumikia vizuri, sikatai. Kisha mwaka huu likaanza vituko. Barabara kuu likikimbia limetulia kabisa, unaweza kunywa chai ndani yake. Punguza spidi kwa ajili ya tuta, basi, linaanza kutetemeka kutoka kwenye kiti mpaka kwenye meno. Na haya matuta ya Nkuhungu unayajua, kila mwenye nyumba anataka la kwake.

Halafu ikaja ile taa ya njano yenye picha ya injini. Baada ya siku chache ikawaka na nyingine pembeni yake, na nyingine, mpaka dashibodi ikawa kama ukumbi wa send-off. Mimi nikafanya kama tunavyofanya wanaume wa mtaa huu: nikauliza kila mtu isipokuwa aliyekuwa ndani ya gari. Pale kwenye benchi la kahawa nilipata mafundi sita kwa mpigo, na hakuna hata mmoja anayemiliki spana. Huyu akasema mauntini za kushikia injini zimekatika. Yule akasema nozeli za mafuta zimeziba. Mwingine akaniambia niliuze kabla halijaniuza. Mwisho wengi wakakubaliana kwamba ni giaboksi, nami nikarudi nyumbani na jibu langu mfukoni, nimeridhika.

Aliyekuwa ndani ya gari ni wewe. Miezi yote ile ya kusubiri barua ya chuo ulikuwa unakaa hapa kushoto kwangu tukimpeleka mama yako sokoni, ukiwa na daftari dogo mapajani. Nilidhani unaandika mambo yenu ya vijana. Sikukuuliza hata siku moja.

Unakumbuka siku ile pale kwenye mataa?

“Baba, umeona? Tumesimama kabisa na bado inatetemeka.”

“Ndiyo maana tunaipeleka kwa fundi. Giaboksi imechoka.”

“Lakini juzi nilikuomba uweke gia huru, ile N, ukaweka, na ikatetemeka vile vile. Ikiwa N giaboksi haibebi kitu. Na hiyo taa, baba, siku nyingine haiwaki tu, inakonyeza. Tukipanda kilima inakonyeza. Mimi nadhani ni injini.”

“Nyemo, wewe unakwenda kusomea uuguzi au ugereji?”

Ulicheka, ukafunga daftari. Nilifurahi kwamba nimeshinda, na taa za barabarani zikaturuhusu tukaenda zetu, huku tukitetemeka.

Sasa nije kwa Fundi Yoeli. Unajua jinsi ninavyompenda mzee yule. Tumesimama pamoja kwenye besi ya kwaya miaka mingi, na wakati wa matrekta na malori ya zamani hakukuwa na mkono kama wake. Gereji yake, kama ni haki kuuita ukuta na kipande cha bati gereji, ina benchi, na benchi lina watu, na watu hao kazi yao ni kutazama gari la mwenzao likifunguliwa. Siku ile walikuwepo watano. Fundi alikuwa ameshamwaga oili ya zamani ya giaboksi na ameshika chupa ya ile nyekundu, ile wanayoiita haidroliki, yuko tayari kumimina.

Ulikuwa umeshika kile kijiti cha kupimia oili, unakigeuzageuza juani. Ulimsogelea vizuri, kwa adabu. Sijui hata leo kama kuna namna bora zaidi ya kusema uliyoyasema.

“Samahani babu. Hapa kwenye kijiti pameandikwa aina ya oili, herufi tatu. Chupa yako haina herufi hizi.”

Fundi hakukitazama kijiti. “Mjukuu wangu,” akasema, “mimi nimeanza kufungua giaboksi baba yako bado anavaa kaptula. Oili ni oili. Hii inaingia kwenye gari lolote.”

Benchi likacheka. Wewe ukasema, “Lakini babu, hapa pameandikwa hii tu, nyingine—”

Na mimi nikasema, “Nyemo. Muombe babu yako radhi.”

Nimeandika sentensi hiyo na nimekaa hapa naiangalia. Ulinitazama, ukaona sitanii. Ukapiga magoti nusu, mikono umeikutanisha, macho chini, kama ulivyofundishwa na bibi yako. Ukasema, “Nisamehe, babu.” Mzee mmoja pale kwenye benchi akatingisha kichwa akasema, “Mwalimu amelea.” Nami, Nyemo, kifua kilinijaa. Hapo ndipo panaponishinda kumeza. Kukosea giaboksi ni jambo moja. Mimi nililifurahia tukio lile, nikarudi nyumbani nikamsimulia mama yako jinsi ulivyo na adabu. Mama yako akaendelea kuchambua mchicha.

Fundi akamimina. Halafu akaniuliza kama ile taa ya njano inanisumbua, nikamwambia inanisumbua sana. Akafungua dashibodi, akachomoa balbu yake, akaitia kwenye mfuko wa shati. “Sasa utaendesha kwa amani,” akasema. Kweli niliendesha kwa amani. Gari lilikuwa linatetemeka vile vile, baada ya siku chache likaanza na kuguna, lakini ile ya njano haikuwepo na zile nyingine nilishazizoea, na mtu asiyetaka kuona ni rahisi sana kumsaidia. Wewe ulikaa kushoto kwangu kama kawaida. Daftari sikuliona tena mapajani, na sikujiuliza limekwenda wapi.

Nikuambie jambo la zamani ambalo sijawahi kukueleza. Mwaka wangu wa kwanza wa kufundisha, nikiwa na cheti kipya na viatu vipya, nilirudi nyumbani Kongwa nikamwambia mama yangu kwamba mwaka ule tunapanda mahindi shamba zima. Alikuwa amekaa anapepeta uwele. Akasema, “Mwanangu, ardhi hii inajua uwele na mtama. Mahindi panda kidogo, pale bondeni.” Nikamweleza habari za mbegu bora na nafasi kati ya mche na mche. Nilichora hata kwa kijiti mavumbini. Yeye akapanda uwele kwenye kipande chake kidogo nyuma ya nyumba na mimi nikapanda mahindi kwenye kila kilichobaki. Mvua ikakatika katikati kama inavyopenda kufanya kwetu. Mahindi yalikauka yakiwa yamenifika kiunoni. Tulikula uwele wa mama mpaka mavuno mengine. Alikuwa ananipakulia ugali mkubwa kuliko wa kila mtu.

Miaka yote nimekuwa nikijitetea moyoni kuhusu siku ile ya gereji kwamba ilikuwa ni mila. Namaanisha, wiki hizi zote. Zimekuwa ndefu kwangu kama miaka. Mtoto hamsahihishi mkubwa, ndivyo tulivyolelewa, basi. Lakini ule mwaka wa mahindi aliyesema alikuwa mkubwa na asiyesikia alikuwa mtoto. Kwa hiyo mila haina kosa hapo. Mimi sisikii, Nyemo, awe mzee au awe kijana anayesema. Nimeumwa na ugonjwa huo tangu nina viatu vipya, na nimefikisha mvi nao.

Jumamosi iliyopita ndiyo ilinimaliza. Tulikuwa tunakwenda kijijini Busi ukamuage bibi mzaa mama yako. Tangu wiki iliyotangulia alikuwa ametuma salamu kwamba kuku ameshatengwa. Kwenye lami gari likaenda vizuri, nikaanza hata kupiga mluzi. Tulipoacha lami na kuanza kupanda vile vilima, likaguna, likatetemeka, likanguruma bila kusogea, na mwisho likakataa katakata. Nilikanyaga mafuta, injini ikapiga kelele, magurudumu yakabaki pale pale. Mama yako akashuka akaweka majani barabarani nyuma yetu. Mimi nikafungua boneti nikasimama mbele yake, nikitazama vitu nisivyovijua majina.

Nilikuwa na hasira, na hasira yangu ilitafuta mtu. Nikakugeukia wewe. “Si ulikuwa unajua mambo ya oili wewe? Ulikuwa unasikia linavyoguna wiki zote hizi, mbona hukusema?”

Hukupandisha sauti. Ulisema, “Nilishaomba radhi, baba.”

Basi. Ukarudi kukaa ndani. Lori la mahindi lilituvuta mpaka kwenye lami saa tisa alasiri. Nilipompigia bibi yako simu, aliniambia alikuwa amekaa mlangoni tangu asubuhi na kanga yake mpya, na kwamba kuku ameliwa na wajukuu waliokuwepo. Hakunilaumu. Alisema tu, “Basi amekwenda, mjukuu wangu.” Kutoka leo mpaka kesho sina njia ya kukufikisha Busi, na hilo nimelipiga hesabu kila namna. Unaondoka bila mikono ya bibi yako kichwani, na sababu ni mimi.

Jumatatu gari lilivutwa mpaka kwa Karimu, yule mwenye duka la sepea mjini ambaye mtoto wake ana mashine ya kupimia magari. Karimu aliinusa ile oili nyekundu kwenye kidole, akafumba macho. “Mwalimu,” akasema, “nani kaweka hii?” Nikamwambia tumeweka wote. Akachomeka mashine. Haikuchukua hata dakika kumi. Koili moja ya plagi ilikuwa imekufa, injini inafanya kazi kwa pistoni tatu badala ya nne. Hiyo ndiyo sababu ya mtetemeko wote, na ya taa kukonyeza. Ingebadilishwa mwezi ule, tungekuwa tumemaliza. Giaboksi haikuwa na ugonjwa wowote mpaka siku tulipoitibu.

Sasa koili ni mpya, oili ni ile yenye herufi zake tatu, na gari likisimama limetulia. Lakini giaboksi imeshaumia. Nilipomuuliza Karimu kama itafika Busi, alisema, “Stendi itakufikisha. Busi haikufikishi.”

Jana nilikwenda kwa Fundi Yoeli, kwa miguu. Nilikuwa nimejiandaa kugombana, nisikufiche. Nilitaka apatikane mtu mwingine wa kubeba hata nusu. Nikamweleza yote, habari ya koili na ya oili. Akafuta mikono kwenye kitambaa muda mrefu sana, vidole kimoja kimoja.

“Mwalimu,” akasema, “yale maandishi ya kwenye kijiti mimi siyaoni. Macho yamekwisha siku nyingi. Kwenye kwaya nyimbo nazijua kwa kichwa. Sasa ningemwambiaje mtoto, mbele ya watu, kwamba sioni?”

Unaona tulivyokuwa pale? Mmoja haoni na anaona aibu. Mwingine hasikii na anaona fahari. Mwenye macho na masikio alikuwa mmoja tu, na tukamwambia apige magoti. Fundi akaingiza mkono kwenye kikopo cha skrubu akatoa ile balbu, akanirudishia. Alikuwa ameitunza.

Nimeirudisha mahali pake leo mchana. Taa inawaka, kwa sababu ya giaboksi, na nimeiacha iwake. Inaniudhi kila ninapowasha gari. Nataka iendelee kuniudhi.

Sasa nikuambie kinachoninyima raha, maana gari ni chuma na litapata mnunuzi wake. Wewe unakwenda kuwa muuguzi. Siku moja utasimama kando ya kitanda, na mkubwa wako, mwenye koti jeupe na jina kubwa, atakuwa ameshika chupa. Na wewe utakuwa umesoma maandishi ya kwenye chupa hiyo na ya kwenye karatasi ya mgonjwa, na utaona hayafanani. Atakuwa ni mtu mwema pengine, kama Fundi Yoeli alivyo mwema. Atakuwa amechoka, au haoni vizuri, au anaona aibu. Na watu watakuwa wanatazama.

Wakati huo utamkumbuka nani? Hilo ndilo linaloniogopesha. Naogopa utakumbuka sauti yangu ikisema “Muombe radhi,” ukainamisha macho, ukanyamaza. Na pale kitandani hakutakuwa na lori la mahindi la kuja kutuvuta. Nimefundisha watoto wa watu miaka thelathini na kitu, na somo lililoingia vizuri kuliko yote ni hilo nililomfundisha wa kwangu kwa dakika moja, na ni somo baya.

Shikamoo isikutoke mdomoni, mwanangu. Magoti yako yapige pale wazee wanapostahili. Lakini ukishaamkia, sema. Wakicheka, sema tena. Na akitokea mtu wa kukuambia uombe radhi kwa kusoma kilichoandikwa, hata kama mtu huyo ana sura yangu na sauti yangu, usimsikilize. Nakupa ruhusa. Kama ruhusa haitoshi, ichukue kama amri ya baba, maana amri zangu huwa unazitii, ndiyo shida yenyewe.

Kwetu jambo lililoharibiwa mbele za watu halitengenezwi chumbani. Kwa hiyo barua hii haitoshi, najua. Basi lako linaondoka kesho saa moja asubuhi. Saa kumi na mbili tutapita gereji. Fundi ameshawaambia wale wa benchi waje mapema, na kahawa anatoa yeye. Wewe ndiye utakayeendesha, mimi nitakaa kushoto, na likiguna sitasema neno.

Daftari lako nimelipata. Jumamosi ile, nilipokuwa natoa vitu kwenye kisanduku cha dashibodi kabla ya lori kutuvuta, lilikuwa chini ya vitambaa. Nimelisoma lote, mara nyingi. “Jumatatu. Injini ya baridi. Tuta la kwanza inatetemeka, la pili inatetemeka. Lami, spidi hamsini, imetulia.” “Jumatano. Kilima cha kwa shangazi. Taa inakonyeza. Harufu ya petroli nyuma.” “Ijumaa. Baba ameweka N. Bado. Kwa hiyo si giaboksi?” Kurasa kumi na moja za namna hiyo. Halafu ile ya mwisho: “Jumamosi. Gereji. Oili siyo. Nimesema. Nimekosea kusema. Nimeomba radhi.” Baada ya hapo kurasa ni tupu.

Utalikuta juu ya begi lako pamoja na barua hii. Nimetafuta kalamu yangu nyekundu ya shule nikalisahihisha lote, mstari kwa mstari. Kila mstari nimeuwekea vema, isipokuwa mmoja tu, na unaujua. Umeandika “Nimekosea kusema.” Hapo umekosa, mwanangu, na ndipo peke yake ulipokosa katika daftari zima.

Sheria ya darasa langu unaijua: penye kosa hufanywa masahihisho. Haya hutayafanya wewe. Nitayafanya mimi, kesho saa kumi na mbili, nikiwa nimesimama, mbele ya benchi.

Baba yako